Gari Linamisi? Pima Kwanza, Usipige Ramli

Kuna maradhi ya gari yanayomaliza pesa za mtu kidogo kidogo, na injini kumisi ni mojawapo. Gari linatetemeka likiwa silensa, ukikanyaga mafuta linashtuka, mlimani linakosa nguvu, na petroli inakwisha kabla ya safari uliyozoea. Unalipeleka gereji. Fundi anasikiliza kidogo, anasema, "Hizo plagi." Unanunua nne. Wiki inayofuata zimekuwa koili. Zikishafungwa, nozeli zinapelekwa kusafishwa, pampu inabadilishwa, na mwishowe inatajwa kontroli boksi. Gari bado linamisi. Katika safari yote hiyo hakuna aliyepima kitu. Mmepiga ramli, na kila ramli umeilipia wewe.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanautumikia: usinunue spea yoyote kabla hujajua ni silinda ipi inayomisi na inakosa nini. Katika injini ya silinda nne iliyougua silinda moja, zile tatu zilizobaki nzima ndizo kipimo chako. Zina plagi, koili na nozeli za aina ileile, na zinafanya kazi mbele ya macho yako. Vipimo vingi hapa chini havihitaji kununua kitu; vinahitaji kuhamisha kifaa kutoka silinda moja hadi nyingine na kuangalia tatizo linakwenda wapi.

Mfano wangu mkuu ni injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye Toyota IST, Probox, Raum na Corolla nyingi zilizoagizwa Japani zikiwa zimetumika. Wenye Nissan, Honda au Mazda watafuata mantiki ileile, ingawa vipimo vya namba hutofautiana.

Silinda inahitaji vitu vitatu

Ili silinda ifanye kazi inahitaji mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha. Kikikosekana kimoja, mchanganyiko hauwaki au unawaka nusu, na injini inaruka pigo. Injini ikiwa silensa kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche mara 400 katika dakika hiyo. Silinda moja ikizima kabisa, mapigo yote 400 yanapotea, ndiyo maana usukani unatikisika na ekzosi inatoa mlio wa "pu, pu, pu" usiokwenda sawa. Weka kiganja mbali kidogo na mdomo wa ekzosi: moshi wa injini nzima hutoka kwa mkondo mmoja, wa injini inayomisi husukuma, hukatika, kisha husukuma tena.

Kabla ya kufungua boneti, jiulize tatizo linatokea lini, maana saa yake inapunguza idadi ya watuhumiwa. Linalotokea zaidi injini ikibeba mzigo, kama kupanda mlima Kitonga na abiria watano, mara nyingi ni la umeme wa cheche: mgandamizo ndani ya silinda unapopanda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili kuruka pengo la plagi, na koili iliyochoka hushindwa hapo hapo. Linalosumbua silensa tu na kutulia ukikanyaga mafuta, shuku kwanza hewa inayoingia kwa njia ya wizi, kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Linalokuja asubuhi injini ikiwa baridi, likaambatana na moshi mweupe mwingi na maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana yanapovuja, hilo ni zito zaidi na tutalirudia. Na kama limeanza siku gari lilipotoka kuoshwa injini kwa mashine ya presha, karibu umeshapata jibu: maji yameingia kwenye visima vya plagi.

Taa ikiwaka na taa ikimweka

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka bila kukatika, una nafasi ya kupanga. Ikiwa inamweka huku gari likitikisika, punguza mwendo, acha kukanyaga mafuta kwa nguvu, na usiendelee na safari ndefu. Maana yake petroli isiyoungua inamwagika kwenye katalaiza, ile sehemu ya ekzosi yenye masega ya kusafisha moshi, na kuungulia humo. Masega hupata joto kali hadi yakayeyuka na kuziba njia. Hapo tatizo la plagi moja limegeuka kuwa tatizo la ekzosi nzima, na gari halitakuwa na nguvu hata ukishatibu silinda.

Kupima kwa mashine ndiyo njia ya haraka ya kujua silinda. Mashine husoma kodi, yaani namba ya kosa: P0301 inataja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, vivyo hivyo hadi P0304. P0300 inasema injini inamisi bila kutulia kwenye silinda moja, na hiyo inakuelekeza kwenye kitu kinachozihudumia silinda zote: petroli, hewa, au umeme mkuu wa gari. Kwenye 1NZ silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda, kisha unahesabu kuelekea upande wa gia boksi. Fahamu pia kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayasomeki kwa vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu. Kifaa kikikataa, usihitimishe kwamba kontroli boksi imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayolijua gari lako.

Elewa vilevile kodi inasema nini. P0303 haisemi "nunua koili." Inasema silinda ya tatu haiwaki vizuri. Sababu bado hujaijua.

Ukikosa mashine, silinda mbovu inatafutwa hivi: zima injini, chomoa soketi ya nozeli moja, washa, sikiliza silensa, zima, rudisha, nenda inayofuata. Ukichomoa ya silinda nzima, mtetemeko unaongezeka. Ukichomoa na injini isibadilike hata kidogo, umeifikia silinda ambayo tayari ilikuwa haifanyi kazi. Nachagua nozeli badala ya koili kwa sababu nozeli ikikatwa, petroli haiingii, na katalaiza inasalimika. Kamwe usivute koili au waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inaunguruma. Umeme wa pale ni maelfu ya volti.

Hamisha, kisha angalia

Tuseme ni silinda ya tatu. Acha injini ipoe, toa kava la plastiki la juu kama lipo, na utaona koili nne zimesimama mstari mmoja, kila moja imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Kabla ya kufungua chochote, shika soketi ya waya ya koili ya tatu na uitikise kidogo. Plastiki ya soketi hizi hukauka kwa joto la miaka mingi, klipu inavunjika, na soketi inakaa imelegea. Gari likipita kwenye matuta, mguso unakatika. Wapo walionunua koili mpya kumbe dawa ilikuwa klipu.

Kama soketi imekaza, hamisha koili ya tatu kwenda silinda ya kwanza, na ya kwanza ilete ya tatu. Plagi ziache mahali pake. Futa kodi, endesha mpaka gari limisi tena, kisha pima. Kodi ikihamia P0301, koili ni mbovu, na unahitaji moja tu. Ikibaki P0303, koili haina hatia. Rudia zoezi lilelile kwa plagi. Ikibaki tena, kosa limebaki kwenye nozeli, mgandamizo au nyaya za silinda hiyo. Sheria ni kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha koili na plagi pamoja, gari linaweza kupona usijue kilicholiponya, na likirudia utaanza upya.

Magari ya zamani zaidi, kama Corolla zenye injini ya 5A-FE, yana distributa na waya ndefu za plagi. Hapo fungua boneti usiku, gizani, injini ikiwa silensa, usiguse kitu. Waya uliopasuka ngozi huonyesha vicheche vya buluu vikirukia chuma cha karibu. Angalia pia kifuniko cha distributa kwa ndani: ufa mwembamba au unyevu unatosha kumisisha injini nzima, hasa asubuhi za mvua.

Plagi ukiitoa, isome

Watu wengi hutoa plagi na kuitupa, kumbe ni shahidi aliyekuwa ndani ya silinda muda wote. Zitoe zote nne, zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, kisha zilinganishe.

Plagi yenye afya ina ncha ya rangi ya kahawia iliyopauka au kijivu. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli ni nyingi mno kwa hewa iliyopo, au cheche ni dhaifu. Nyeusi iliyolowa oili inasema oili inapita kwenye ringi au sili za vali. Nyeupe iliyounguzwa inasema silinda inapata joto kupita kiasi, pengine petroli haitoshi. Iliyolowa petroli mbichi inasema petroli ilifika, cheche haikuwaka.

Kisha geuza plagi uitazame ubavuni, kwenye kaure nyeupe. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli kutoka juu kwenda kwenye chuma, hapo ndipo umeme umekuwa ukitorokea badala ya kuruka kwenye ncha. Chungulia ndani ya mpira wa koili iliyoivaa plagi hiyo. Mara nyingi utakuta mstari pacha. Ukibadilisha plagi ukaacha mpira wenye mstari huo, umeme utafuata njia yake ya zamani na plagi mpya itachorwa vilevile. Badilisha vyote viwili.

Kama plagi imetoka imezama kwenye oili nyuzi hadi kaure, wakati ncha yake ni kavu, oili hiyo haitoki ndani ya silinda. Inavuja kutoka juu, kwenye gasketi ya tapeti kava na sili za visima vya plagi. Oili hulainisha mpira wa koili, mpira unavimba na kupasuka. Hapo dawa ni gasketi, spea ya bei nafuu, pamoja na kukausha visima. Fundi akikuambia injini imekufa kwa kuona oili hiyo tu, mwombe akuonyeshe ncha ya plagi.

Wakati wa kufunga, injini iwe ya baridi na plagi ianzwe kwa mkono mpaka ikae. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na nyuzi zake zikiharibika gharama yake si ya plagi tena. Plagi mpya yenye washa ikishakaa kwa mkono, ongeza kama nusu mzunguko kwa spana, basi. Pengo la plagi za 1NZ ni milimita 1.1. Plagi za kawaida huishi wastani wa kilomita 20,000 hadi 30,000. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Lakini kwa gari lililotumika, usiamini kilomita za dashibodi kuamua umri wa plagi. Amini ncha yake.

Petroli na hewa

Koili na plagi zikiachiwa huru, geukia nozeli. Injini ikiwa inaunguruma, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na mpini wake karibu na sikio, ukijihadhari na mikanda na feni. Nozeli nzima inagonga "tik-tik-tik" kwa kasi. Iliyo kimya ama haipati umeme ama imekufa. Inayogonga lakini silinda bado haiwaki inaweza kuwa imeziba. Hapo kusafisha kwenye mashine kuna maana, kwa sababu sasa unajua unasafisha nini.

Silinda zote zikimisi kwa kupokezana, hasa kwenye mwendo kasi, pima presha ya petroli. Kwenye 1NZ inatakiwa iwe takriban psi 44 hadi 50. Ikiwa chini, angalia filta iliyomo ndani ya tanki kabla ya kuhukumu pampu. Pima pia umeme wa gari: injini ikiwa imewaka, betri isome volti 13.5 hadi 14.5. Alteneta dhaifu au waya wa athi uliooza unaweza kuigiza ubovu wa koili zote nne.

Gari likianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza mafuta, usidharau kalenda hiyo. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huifanya injini igonge na kuchafua plagi, na maji yaliyoingia kwenye tanki hukatisha petroli kabisa. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji huo, lakini tabia ya kutunza risiti ya kituo bado ina faida. Chota petroli kidogo kutoka kwenye tanki, iweke kwenye chupa ya kioo angavu, iache itulie. Maji yatashuka chini na kujitenga.

Hewa ya wizi huambatana mara nyingi na kodi ya P0171. Sikiliza mlio wa kufyonza karibu na mipira inayotoka kwenye manifoldi, iguse mmoja mmoja injini ikiwa imezimwa, na tazama iliyokakamaa au kupasuka. Wapo mafundi wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto ili wasikie silensa ikibadilika. Dawa hiyo inashika moto. Usikubali ifanyike kwenye gari lako.

Magari yaliyofungwa gesi

Dar es Salaam sasa ina magari mengi yanayotumia gesi asilia pamoja na petroli, na wenyewe wana faida moja kubwa: swichi. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli, kwa hiyo plagi au koili iliyochoka hujitangaza upande wa gesi kwanza. Gari likimisi kwenye gesi na kutulia kwenye petroli, anza na plagi na koili, kisha filta na nozeli za gesi. Likimisi kwenye petroli tu, shuku nozeli za petroli ambazo zimekaa muda mrefu bila kazi. Likimisi kote kote kwenye silinda ileile, tatizo liko kwenye vitu ambavyo mifumo yote miwili inavitumia: koili, plagi au mgandamizo. Tumia swichi hiyo kabla ya kumkabidhi mtu yeyote pesa.

Mgandamizo, kipimo cha mwisho

Silinda yenye cheche na petroli isipowaka, pimisha mgandamizo wa silinda zote nne, si ile moja. Unachotafuta ni tofauti. Tatu zikisoma karibu sawa na moja ikaanguka mbali, umepata. Fundi amwage kijiko cha oili kupitia tundu la plagi apime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, shuku vali au gasketi ya silinda hedi. Kwenye 1NZ nafasi ya vali hurekebishwa kwa mkono: ikiwa baridi, vali za kuingiza ziwe milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Vali iliyobanwa haifungi vizuri, na mgandamizo hupotea hapo.

Ule moshi mweupe wa asubuhi pamoja na maji yanayopungua ni dalili ya gasketi ya hedi kuruhusu maji kuingia silinda. Usiendelee kuongeza maji na kusafiri. Na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Kuzungumza na fundi, kununua spea

Fundi mzuri hachukii mteja anayejua anachotaka. Fika na maelezo, usifike na hukumu. Sema: "Fundi, linamisi likiwa na mzigo, silensa limetulia. Kodi ni P0303. Naomba tuhamishe koili kwanza kabla hatujanunua kitu." Lipia muda wa kupima kama unavyolipia kazi nyingine; fundi asiyelipwa kwa kupima atatafuta riziki yake kwenye spea. Spea zilizotolewa dai urudishiwe, nawe uzisome.

Dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, plagi bandia za majina makubwa zimo zikiwa na maboksi ya kuvutia. Tazama plagi yenyewe: maandishi kwenye kaure yawe makali yasiyofutika kwa kidole, ncha ya kati ikae katikati kabisa, nyuzi ziwe laini, na washa isitoke kwa kuivuta kwa mkono. Kwa koili, mara nyingi ya Japani iliyotumika na iliyopimwa ni salama kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka, mradi muuzaji akubali kuibadilisha ikifeli ndani ya siku chache. Makubaliano hayo yaandikwe nyuma ya risiti.

Kazi ikiisha, kodi ifutwe, na uendeshe gari katika hali ileile iliyokuwa ikileta tatizo: kama lilimisi mlimani, lipande mlima, usiridhike na silensa ya gereji. Baada ya wiki pima tena. Kodi isiporudi, andika kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, silinda na kilichobadilishwa. Koili moja ikifa kwa uzee, nyingine tatu zina umri uleule, na daftari hilo ndilo litakalokuambia uanze na silinda ipi na umeshajaribu nini.